Ukiitwa Bondeni

Mimi ni mtu wa Tukuyu, nimezaliwa kwenye milima ya kweli, kwa hiyo naomba radhi mapema: vile vilima viwili vya nyuma ya Mbande ambavyo wenyeji wanaviita milima, kwetu visingepewa hata jina. Lakini nimefundisha Temeke tangu nikiwa msichana, nimejenga huku, na nimejifunza kufunga mdomo mtu anaponiambia anapanda mlimani Kidunguni. Kidunguni ni kilima cha kwanza. Cha pili ni Magomole. Vijiji vyote viwili vilikuwepo kabla jiji halijaota kufika huko, enzi za wapagazi waliobeba sandarusi, ile gundi ya miti, kupeleka pwani, na kati yake kuna njia ya miguu inayoshuka bondeni, inavuka vijito viwili, kisha inapanda tena. Siku hizi watu wanazunguka barabarani kwa bajaji na bodaboda. Njia ile ilibaki ya wakata kuni, na ya Mzee Nasser.

Mzee Nasser ni baba yake Bahiya, na Bahiya ni mwalimu mwenzangu. Meza yake na yangu zimegusana kwenye ofisi ya walimu tangu shule yetu haijapata hata uzio. Hao ni Waarabu wa pale pale, watu wa maduka. Babu yake Mzee Nasser alifungua duka Magomole, akawa anauza chumvi, mafuta ya taa na kaniki na kununua sandarusi. Barabara ilipopita Kidunguni, duka nalo likahamia Kidunguni. Makaburi hayakuhamishika. Kwa hiyo kila mwaka ndani ya Shaabani, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, Mzee Nasser huvaa kanzu safi, hubeba chupa ya marashi na udi, na kwenda Magomole kuwazuru baba na babu yake. Huenda kwa miguu, kwa njia ile ile waliyopita wao na punda wao.

Njia hiyo ina sharti. Ukishavuka kijito cha kwanza, huongei mpaka ukanyage maji ya kijito cha pili. Na ukiitwa jina lako, huitiki wala hugeuki. Wanasema wapagazi wengi walifia mle bondeni mwaka wa ndui, wakaachwa bila kuzikwa, na mpaka leo wanatafuta mtu wa kuwapokea mizigo yao. Wanakuita kwa sauti ya mtu wako. Sauti yenyewe haitishi, ni ya mama, ya mume, ya mtoto, ile ile unayoijua. Ukigeuka, umekubali mzigo.

Mimi ni Mmoraviani, nimelelewa kwa tarumbeta za kanisani, na Bahiya aliponisimulia habari hiyo kwa mara ya kwanza nilicheka mpaka chai ikanipalia. Yeye hakucheka. Aliniambia baba yake alikuwa na mdogo wake, mtoto mzuri, aliyegeuka bondeni kwa sababu alimsikia mama yao. Homa ikamshika usiku ule ule na haikumwachia mpaka ilipomzika. Kwa hiyo Mzee Nasser alipopata watoto wake, Bahiya na Walid, hakutaka mchezo. Aliwafundisha njia ile kama wengine wanavyofundisha watoto kuogelea. Aliwatanguliza mbele, yeye akabaki nyuma kwenye vichaka, akawaita majina yao kwa sauti tamu. Anayegeuka anachapwa. Bahiya hakugeuka hata siku moja. Walid aligeuka kila alipoitwa, na kila alipogeuka alichapwa, na safari nyingine ikawa vivyo hivyo. Alikuwa hawezi kusikia baba yake anamwita akanyamaza.

Huyo Walid, niseme ukweli, damu yangu na yake hazikupatana. Anaishi Mikocheni, ana ofisi ya kukata tiketi za ndege, na akija Kidunguni huongea huku anatazama simu. Aliniitaga "madam" kwa namna ambayo ilinifanya nijisikie nauza vitumbua. Bonde lile la kati lilikuwa urithi wa familia, na magoti ya mzee yalipoanza kugoma, alimkabidhi Walid aliangalie. Hazikupita mvua mbili wachimba mchanga wakaingia. Walid alikuwa anajenga nyumba kubwa Mbezi, na huku kwetu ilijulikana kwamba mchanga wote wa nyumba ile ulitoka kwenye bonde la babu yake.

Matipa yalipita mbele ya shule yetu kutwa nzima mpaka chaki zikawa zinacheza mezani. Na wachimbaji wa huku hawachimbi shimo kutoka juu. Wanaanzia chini ubavuni, wanapekecha kuingia ndani ya kilima wakiufuata mchanga mweupe, na juu wanaacha paa la udongo mwekundu ulioshikwa na mizizi. Ukiwa juu ya paa hilo huoni kitu zaidi ya majani. Masika iliyopita paa moja upande wa pili wa Mbande liliwaangukia wanaume wawili waliokuwa wanakula mihogo yao kivulini. Tangu siku hiyo Bahiya alianza kukosa raha, kwa sababu Shaabani ilikuwa inakuja na baba yake alikuwa ameshafua kanzu.

Alimpigia Walid mbele yangu, akaweka spika. Aliuliza jambo moja tu: njia ya baba ni salama au si salama. Walid akasema wachimbaji wako mbali kabisa na njia, tena mbona tunahangaika, mzee mwenyewe hawezi tena kushuka bondeni kwa magoti yale. Yeye angekuja Jumamosi na gari, amzungushe kwa barabara mpaka Magomole kistaarabu. Bahiya akashusha pumzi. Tukaenda wote wawili kumwambia mzee habari ya gari, naye akatusikiliza huku anakuna goti lake, akanyamaza. Kunyamaza kwake tukakuchukulia kuwa ni kukubali. Walimu wazima sisi, tunaojua kila siku kwamba mtoto anayenyamaza hajakubali chochote.

Jumamosi ile nilifika Kidunguni mapema kwa sababu Bahiya aliniomba niwe naye. Ijumaa mvua ilikuwa imenyesha, mvua isiyo na msimu, na majani yalikuwa bado yamelala. Nilimkuta mzee ameshasimama mlangoni, kofia kichwani, mkongojo mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia vizuri kwamba nimekuja, maana hakupenda Bahiya arudi peke yake iwapo yeye atachoka akalala Magomole. Bahiya alikuwa anamsihi. Alimwambia gari linakuja, alimwambia kuna utelezi, alimwambia habari ya wachimba mchanga. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa.

"Baba yangu hakupelekwa Magomole kwa gari," akasema. "Mie nikipelekwa kwa gari, mjue nimelazwa."

Baada ya maneno hayo, ungemwambia nini? Bahiya akamtumia Walid ujumbe wa sauti, kwamba baba ametia ngumu, tunakwenda kwa miguu, atukute Magomole makaburini. Hatukungoja jibu, kwani mzee alikuwa ameshashika njia.

Mpaka kijito cha kwanza tulikwenda vizuri. Njia inashuka kati ya mikorosho iliyozeeka, halafu inaingia kwenye vichaka, na ukitazama nyuma unaona mabati ya Kidunguni yanang'aa juu yako. Mzee alitembea taratibu lakini kwa uhakika, akituonyesha alipofia punda wa babu yake, na mahali ambapo wapagazi walikuwa wanatua mizigo. Nilianza kujilaumu kwa kumdhania mgonjwa. Maji ya kijito yalikuwa yamepanda kidogo, mekundu kwa tope. Pale ukingoni akatugeukia, akanyoosha kiganja.

Alitaka simu. Kuzizima, maana simu nayo ni kuitwa, hivyo ndivyo alivyosema. Bahiya akazima yake mbele ya macho yake bila kubisha. Mimi nikazima yangu nikiwa nimeuma midomo nisicheke. Kisha mzee akasoma dua fupi, akavuka, na sisi tukavuka nyuma yake: yeye mbele, Bahiya katikati, mimi mkiani.

Sikujua kwamba kimya cha watu watatu kinaweza kuwa kizito namna ile. Hatua chache tu na hamu ya kucheka ikaniisha yote. Njia ilikuwa inapita ubavuni mwa kilima, mkono wa kushoto mteremko umezibwa na vichaka, mkono wa kulia ukuta wa udongo. Chini kule, nyuma ya vichaka, nilisikia koleo zinakwaruza. Halafu sauti ya mtu anakohoa. Ilitoka karibu mno, na ilitoka chini ya miguu yangu, si ubavuni. Nikasimama. Nikatazama chini, hakuna kitu, ni njia tu, na nyayo za ndara za mzee zimejichora kwenye udongo wenye unyevu.

Nikaendelea, lakini sasa nilikuwa natembea kwa masikio. Ardhi ilikuwa inalia. Nilipokanyaga ilijibu kama debe tupu lililofunikwa kwa gunia. Mkongojo wa mzee mbele yetu ulikuwa unasema du, du, du, na mahali pengine pote duniani mkongojo kwenye udongo hausemi hivyo. Kisha nikaona ufa. Ulikuwa umekata njia kutoka ukutani mpaka vichakani, mwembamba, unapitisha kidole, na maji ya mvua ya jana yaliyokuwa yametuama kwenye nyayo za ng'ombe kila mahali, pale hayakuwepo. Yalikuwa yamenywewa.

Mzee aliuvuka ufa ule bila kuuona. Macho yake hayana nguvu tena. Bahiya aliuona. Nilimwona anasita, akauruka kwa kuinua baibui lake kidogo. Nikamshika bega nikamwonyesha kwa kidole. Akatikisa kichwa, akaweka kidole mdomoni, akanionyesha mgongo wa baba yake, yaani twende, tukishavuka kijito cha pili tutasema. Nilikasirika. Nilitaka kupiga kelele palepale, kwamba tunatembea juu ya dari la nyumba ya watu, turudi. Lakini yule alikuwa baba wa mtu, na njia ya watu, na wafu wa watu, na mimi mgeni wa Tukuyu ni nani wa kuvunja sharti lao kwa sababu ya ufa wa kidole kimoja? Basi nikauma meno nikaruka.

Ndipo tuliposikia mtu anaita.

"Baba!"

Ilitoka nyuma yetu, mbali kidogo, upande wa kijito cha kwanza. Mgongo wa Bahiya ukakakamaa. Mzee hakusita hata kidogo.

"Baba! Baba, simama! Bahiya!"

Ilikuwa sauti ya Walid. Niliitambua hata mimi nisiyeipenda. Ilikuwa na pumzi za mtu anayekimbia, na hofu. Nilimwona mzee anaongeza mwendo, mkongojo unagonga haraka haraka, na midomo yake ikaanza kucheza kwa dua. Bahiya akainamisha kichwa na kumfuata. Mimi nikageuka.

Alikuwa Walid kweli, mwili na nguo zake, amevaa shati jeupe la ofisini na viatu vya ngozi vilivyojaa tope. Alikuwa anatupungia mikono yote miwili. Aliponiona nimegeuka uso wake ulipata matumaini, akapiga kelele niwazuie. Nikamrukia Bahiya nyuma, nikamshika mkono, nikavunja sharti kwa sauti yangu yote. Nikamwambia ni Walid, ni yeye mwenyewe, nimemwona kwa macho yangu, tusimame. Hakugeuka. Nilimwona uso upande mmoja tu, machozi yanamtoka, na akachomoa mkono wake kwangu kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Baadaye aliniambia alidhani na mimi nimeshachukuliwa. Aliniona nimegeuka, kisha akasikia sauti yangu inamwambia ageuke na yeye, na hayo ndiyo hasa aliyofundishwa tangu utotoni kwamba yatatokea.

Wakaenda. Mbele yao njia ilipinda kidogo, na pale kwenye kona udongo ulikuwa umetitia upande wa vichakani, umeinama kama sinia. Niliwaona wanapita juu yake. Mzee kwanza, mwepesi, kanzu inampepea kwenye miguu myembamba, kisha Bahiya. Udongo haukusema kitu. Wakapita, wakapotea nyuma ya kona, na du du ya mkongojo ikaendelea kusikika kwa mbali.

Walid akanifikia. Alikuwa anahema, jasho limemloanisha shati, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na simu mkononi.

"Wamepita pale?" akaniuliza. Nikamwambia wamepita. "Chini pale hakuna kitu, madam. Pote pameliwa mpaka kijitoni. Mie ndo niliwaruhusu wachimbe mpaka huku. Nilijua baba hapiti tena."

Nilitaka kumpa vidonge vyake hapo hapo, na nilikuwa navyo vya kutosha, lakini alikuwa ananitazama kama mtoto aliyevunja kitu. Nikamwambia tushuke machimboni, tuwazungukie kwa chini, tuwakute kijito cha pili. Akasema tutachelewa, mbele ya kona kuna pengine pabaya kuliko hapo. Akaweka viganja mdomoni akaita tena. "Baba, ni mimi Walid! Ni mimi kweli!" Na kule mbele nikasikia mkongojo unazidi kukimbia, maana nani mwingine angesema hivyo bondeni kama si wale wafu?

Basi akakimbia. Nilimshika shati, likaniponyoka. Alikuwa mtu mnene, mwenye mwili wa kula vizuri, na alikimbia kwa kisigino, akiita baba, baba, kila hatua. Alifika pale palipoinama. Sikusikia mshindo wowote. Ilikuwa kama mtu anavyoshusha pumzi baada ya kazi ndefu. Njia ikakaa chini, pamoja na vichaka vyake na ukuta wake wa kulia, na Walid akakaa nayo, na vumbi jeupe likapanda polepole mahali alipokuwa.

Nikapiga kelele. Niliita Bahiya, niliita mzee, niliita kila jina la Mungu ninalolijua kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa. Nilijua wananisikia. Nilijua pia wanachokisikia si mimi.

Nilishuka sijui vipi, kwa makalio, kwa miiba. Wachimbaji walikuwa wameshafika na makoleo. Msimamizi wao, Adelard, Mhaya mmoja mrefu ambaye watoto wake nimewafundisha, alikuwa anawapangia watu, huyu achimbe hapa, huyu akae mbali, wasije wakaangukiwa na wao. Nikachimba kwa mikono. Mchanga ule mweupe ni mwepesi, unautoa na unarudi, unautoa na unarudi. Adelard alikuwa anachimba huku anasema peke yake, bosi alituambia mzee hapiti tena huku, alituambia njia imekufa, alituambia tusiwe na wasiwasi. Aliyasema mpaka nikamwomba anyamaze.

Tulimpata. Sitasimulia tulivyompata. Adelard alimfuta uso kwa shati lake mwenyewe, akajaribu kumkandamiza kifua, akaendelea muda mrefu kuliko ilivyokuwa na maana, halafu vijana wakaleta turubai la tipa wakamfunika. Shati jeupe lile halikuwa na tone la damu. Mtu ungesema amelala baada ya kupakwa unga.

Ikabidi mtu aende Magomole. Adelard alinitazama, vijana wake wakanitazama, na hakuna aliyehitaji kusema. Nilipita chini, ndani ya machimbo, kwenye sakafu ya mchanga, chini ya paa la udongo ambalo sisi watatu tulitembea juu yake asubuhi ile ile. Nikavuka kijito cha pili. Sikunawa mikono. Nilijiambia nitawaeleza taratibu, nitamtenga Bahiya kwanza, nitatafuta wanaume wa kijiji wasimame karibu na mzee. Kila nilichokipanga kilinitoka kichwani kabla sijamaliza kupanda.

Nikawakuta makaburini. Udi ulikuwa unafuka kwenye kigae, na majani yalikuwa yameng'olewa yakawekwa pembeni. Bahiya akainuka kunifuata, simu mkononi, akaanza kunigombeza kwa sauti ya chini: nilikuwa wapi, baba amesema nimeogopa nikarudi, watu wa bara tunajifanya hatuamini lakini ndio waoga wa kwanza. Akasema Walid alimpigia mara nyingi wakati simu imezimwa, na sasa yeye akimpigia inaita tu haipokelewi, bila shaka anaendesha, atakuwa amekaribia. Halafu akaona sketi yangu. Akaona mikono yangu, na kucha. Akarudi nyuma mpaka akashika mti.

Mzee hakuona. Alikuwa amekaa chini kwenye kipande cha mkeka, magoti ameyanyoosha, amechoka, na alikuwa na furaha ya mtu aliyefika. Akanikaribisha. Akapiga piga mkeka nikae.

"Umesikia leo, mwalimu?" akasema. "Wamenijia na sauti ya Walid. Umri wote huu hawajawahi kunijaribu na ya mwanangu. Nilitaka kugeuka. Wallahi nilitaka. Nikajiambia, Nasser, huyo siye, Walid yuko barabarani na gari lake."

Alivua kofia akajifuta nayo usoni, na nikaona kwamba alikuwa amelia njiani, mistari ilikuwa imekauka mashavuni. Akaniuliza kama mimi nilishika sharti.

"Niligeuka, mzee."

Akasikitika. Akanishika mkono akanipa pole, akasema atanisomea, si kitu, kwa mgeni pengine wana huruma. Kiganja chake kikapapasa mchanga kwenye vidole vyangu, kikasimama. Akaniuliza niliona nini.

Nikakaa kwenye mkeka. Nikamwambia nilimwona Walid, na alikuwa yeye. Nikamwambia yote kwa mpangilio, kama nilivyoyaandika hapa, habari ya mchanga, ya njia, ya kona. Sikumficha kwamba Walid ndiye aliyewaruhusu wachimbaji, kwa kuwa angeisikia kwa mtu mwingine ikiwa mbaya zaidi. Bahiya alikuwa ameshakaa chini ya ule mti, baibui limejaa majani, anatikisa kichwa tu, hapana, hapana, bila sauti. Mzee hakunikatiza. Nilipomaliza alianza kuukusanya mchanga wa mkononi mwangu kwa kidole kimoja, anauweka kwenye mkeka.

Aliuliza jambo moja. Aliuliza kama pale njia ilipokatika, Walid alikuwa bado anamwita.

Nikasema ndiyo, mzee. Alikuwa anaita baba.

Akatafuta mkongojo wake. Nilitaka kumsaidia kuinuka, akauondoa mkono wangu. Aliinuka mwenyewe, kwa shida, goti moja kwanza kisha la pili, akayapa mgongo makaburi ya baba yake na babu yake, akageukia bonde. Koleo zilikuwa zimenyamaza kule chini. Hata matipa hayakusikika.

"Naam, Walid," akaitika kwa nguvu zake zote. "Naam, baba. Nakusikia."

Akatega sikio, akangoja, na Bahiya naye akanyanyua uso akatazama bondeni.